Mashine ya mawimbi ya mshtuko haiyeyushi mafuta ya lipedema

Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu afya ya mwanamke. Toleo hili linajibu barua nne kutoka Dodoma, Kondoa, Manyoni na Mpwapwa, zote zikihusu miguu ya wanawake inayonenepa na kuuma.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, ninaishi Ipagala hapa Dodoma na kazi yangu ni ya ofisini, Mtumba. Tangu nilipovunja ungo mapaja na miguu yangu ilinenepa kuliko kiwiliwili, na baada ya uzazi wa pili hali ilizidi. Fundi wangu wa nguo hunishonea blauzi kwa vipimo vya mtu mmoja na sketi kwa vipimo vya mtu mwingine. Mtoto akinipandia mapajani ninaumia hadi machozi yananitoka, na nikigonga kona ya meza kidogo tu ninavilia damu. Nimeacha ugali wa usiku na nimetembea kila alfajiri kwa miezi saba. Uso na kifua vimepungua hadi wenzangu kazini wananiuliza kama ninaumwa, lakini miguu iko vilevile. Mwaka huu daktari bingwa aliniambia kwamba ni lipedema. Kliniki moja ya urembo imenieleza kwamba ina mashine ya mawimbi ya mshtuko itakayoyeyusha mafuta hayo kwa vipindi 10, na kila kipindi ni shilingi 80,000. Mama mkwe anasema hiyo ni shoti ya umeme na itaniharibia kizazi. Zamu yangu ya mchezo inafika mwezi ujao, kwa hiyo fedha nitakuwa nazo. Naomba ushauri wako kabla sijazitoa.
Msomaji wa Ipagala

JIBU: Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla hatujafika kwenye mashine ninaomba ulishike jambo moja: miguu hiyo haikuletwa na ulafi wala uvivu. Uso umepungua, kifua kimepungua, miguu imebaki ilivyo. Hivyo ndivyo lipedema inavyofanya kazi yake. Madaktari wawili wa Marekani, Allen na Hines wa Mayo Clinic, waliieleza hali hii mwaka 1940, baada ya kuona wanawake ambao miguu yao ilinenepa sawasawa pande zote mbili huku nyayo zikibaki nyembamba. Hata hivyo, lipedema ilikuja kupata nafasi yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani kwenye toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Ninazitaja tarehe hizi kwa sababu wapo wanawake wengi walioambiwa wapunguze kula na kurudishwa nyumbani, wakaondoka wakiamini kwamba kosa ni lao, na jambo hilo linanisikitisha kila ninapokutana nalo.

Lipedema ni mafuta ya chini ya ngozi yanayoongezeka na kubadilika hulka kwenye nyonga, makalio, mapaja na miguu, na wakati mwingine kwenye mikono. Karibu wote wanaoipata ni wanawake, na huanza au kuzidi nyakati ambazo homoni hubadilika, yaani kuvunja ungo, ujauzito na kukoma hedhi. Mishipa midogo ya damu katika mafuta hayo ni dhaifu, ndiyo maana unavilia damu kwa kugonga meza. Majimaji hujikusanya katikati ya seli za mafuta, na miaka inavyopita nyuzi ngumu mfano wa kovu hujitandaza humo. Ukipapasa paja kwa ncha za vidole, mwanzoni utahisi kitu kama punje za mchele chini ya ngozi, na baadaye kama njugu mawe. Kumbuka ugumu huo unaoupapasa, kwa sababu ndio uliowafanya wataalamu wafikirie kutumia mawimbi.

Sasa tuje kwenye hofu ya mama mkwe. Ninamwelewa, kwa kuwa neno “mshtuko” humfanya mtu yeyote afikirie waya uliochubuka. Umeme hauingii mwilini mwako katika tiba hii. Wimbi la mshtuko ni wimbi la mgandamizo, ndugu wa sauti, ambalo nguvu yake hupanda kwa ghafla sana na kushuka, kama ngurumo ya radi inayotikisa vioo vya dirisha. Tiba yenyewe ilizaliwa kwenye mawe ya figo: Februari 1980, mjini Munich, Ujerumani, mgonjwa wa kwanza alivunjwa mawe ya figo kwa mawimbi haya bila kupasuliwa. Baadaye wataalamu wa mifupa na wa fiziotherapia waliyachukua kwa nguvu ndogo zaidi, na leo yanatumika kwa maumivu sugu ya kisigino, kano za bega zilizojaa chokaa na mifupa iliyovunjika ikachelewa kuunga.

Kipindi kimoja huwa hivi. Unalala kitandani, mtaalamu anakupaka jeli kama ile ya ultrasaundi, kisha anakuwekea pajani kifaa anachokishika kama drili ya fundi. Katika mashine za kutawanya mawimbi, ambazo ni za kawaida zaidi kwa kazi ya ngozi na misuli, hewa iliyobanwa husukuma kipande kidogo cha chuma ndani ya kifaa, kipande hicho hugonga kichwa cha kifaa, na pigo lake huingia kwenye ngozi mara kadhaa kwa kila sekunde. Mlio wake unafanana na cherehani inayokimbia, na kwa paja la kawaida huhisiwa kama kugongwagongwa kwa kifundo cha kidole. Nguvu ya mashine hizi ni kubwa juu ya ngozi na hufifia kadiri inavyozama. Aina ya pili hukusanya mawimbi kwenye sehemu moja ndogo ndani zaidi ya mwili. Ni mashine mbili tofauti, hata kama tangazo la ukutani linaziita jina moja, na una haki ya kuuliza utawekewa ipi.

Je, kwa lipedema zinafanya nini? Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi iliyowahusu wanawake 26 waliokuwa na lipedema na ngozi ya mabonde mapajani. Wanawake hao walitibiwa kwa mawimbi, au kwa tiba ya kuondoa majimaji ambayo ni ukandaji laini wa limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita katika mishipa yake yenyewe, pamoja na mavazi ya kubana, au kwa zote mbili. Kabla na baada ya tiba walipimwa ulaini wa ngozi, na damu yao ikachunguzwa kwa ajili ya malondialdehaidi, kemikali inayotokea mafuta ya mwili yanapoharibiwa na oksijeni. Kabla ya tiba kemikali hiyo ilikuwa juu kuliko kwa watu wenye afya. Baada ya mfululizo wa vipindi ilishuka, na ngozi ikawa nyororo zaidi. Watafiti waliona kwamba mawimbi yanalegeza ule ugumu wa nyuzi uliojitandaza ndani ya mafuta. Mwaka 2010 watafiti wa Japani nao walionyesha, kwenye masikio ya sungura, kwamba mawimbi yenye nguvu ndogo yanaweza kuchochea mishipa mipya ya limfu kuota na uvimbe kupungua, ingawa sungura hao walikuwa na uvimbe wa limfu na si lipedema.

Ninaiheshimu kazi hiyo, na mgonjwa mwenye mapaja yaliyokakamaa akinijia akiwa tayari amevaa soksi zake za kubana na anatembea, simzuii kujaribu mawimbi kama nyongeza, akitegemea ngozi ilegee na maumivu yapungue kidogo. Lakini tazama kilichopimwa: ulaini wa ngozi na kemikali ya damuni. Wanawake 26 wanatosha kuanzisha wazo, hawatoshi kumtoza mama mmoja shilingi 800,000 kwa ahadi ya kuyeyusha mafuta. Neno “kuyeyusha” ndilo linalonitia shaka na kliniki hiyo. Mafuta ya lipedema hayayeyuki kwa mapigo. Njia inayoyaondoa ni upasuaji wa kuyafyonza kwa mirija, ambao nchini Ujerumani bima ya afya ya umma ilianza kuulipia Januari 2020 kwa wagonjwa waliofikia hatua ya tatu ya ugonjwa, na huo nao hufanywa na daktari bingwa aliyefunzwa namna ya kuilinda mishipa ya limfu.

Ungekuwa ni mdogo wangu wa damu, ningekuambia fedha ya mchezo uitumie kwanza kwenye soksi ndefu za kubana, au suruali ya kubana, iliyoshonwa kwa kipimo chako. Sizungumzii soksi za kubana zinazouzwa kwa saizi tatu kwenye pakiti. Mguu wenye lipedema ni mpana juu na hubadilika ghafla kifundoni, kwa hiyo soksi hizo hujikunja nyuma ya goti na kukata kama kamba. Kitambaa kinachofaa ni kile kizito kilichofumwa bapa na kuunganishwa kwa mshono, kwa kuwa hakizami kwenye mikunjo. Mtaalamu atakupima kwa utepe sehemu nyingi kuanzia kifundo hadi kwenye nyonga, na upimwe asubuhi kabla mguu haujajaa. Soksi haipunguzi mafuta, lakini hupunguza uzito unaouhisi jioni, huzuia majimaji yasijikusanye, na wanawake wengi huniambia kwamba maumivu ya kuguswa hupungua. Zivae asubuhi mapema ukiwa na glavu za mpira za kuoshea vyombo, maana glavu hushika kitambaa na kukuepusha kukichana kwa kucha; zifue kila siku, na uzibadilishe kila baada ya miezi sita hivi. Ninajua kwamba joto la Oktaba na Novemba hapa Dodoma si rafiki wa kitambaa kizito. Wagonjwa wangu wengine huzinyunyizia maji juu kwa chupa ya kupulizia maji saa nane mchana, wakakaa karibu na feni, na wanasema upepo ukipita wanapoa kabisa. Kama una kisukari au miguu yako huwa ya baridi na yenye ganzi, kwanza daktari apime mapigo ya damu miguuni, kwa sababu mguu usiofikiwa vizuri na damu haubanwi.

Endelea kutembea. Mazoezi ya ndani ya maji yanafaa kuliko yote, kwa kuwa maji hubana mguu kuanzia chini kwenda juu, lakini yafanyie kwenye bwawa la kuogelea lililotibiwa maji, si kwenye mabwawa ya kunyweshea mifugo ambako kichocho hupatikana. Kukandwa kwa nguvu, kama tunavyokandwa tukiwa na maumivu ya mgongo, uache. Mishipa yako dhaifu itavuja na mapaja yatajaa madoa. Ukandaji wa limfu ni wa taratibu mno, ngozi husogezwa tu bila kufinywa. Na chakula kisikutese. Kuutunza uzito kunasaidia ili unene wa kawaida usijiongeze juu ya lipedema, lakini kujinyima hadi kizunguzungu hakutayagusa mapaja, kama ulivyojionea mwenyewe.

Ukifika kwenye mawimbi, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayejua neno lipedema kabla hujamwambia. Mwombe aanze na nguvu ya chini kabisa katika sehemu ndogo ya paja, kisha msubiri siku chache mwone kama umevilia damu. Lipa kipindi kimoja kimoja. Kuhusu kizazi, mapigo ya pajani hayafiki huko. Hata hivyo mwanamke mjamzito hapewi tiba hii, kwa hiyo kama kuna uwezekano wa mimba, pima kwanza.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati wilayani Kondoa. Wanawake wenye miguu minene wakija, wengi huambiwa ni matende. Nitawezaje kutofautisha bila mashine?
Muuguzi, Kondoa

JIBU: Swali lako, ndugu muuguzi, linaweza kumwokoa mtu miaka mingi ya dawa asizozihitaji, na vidole vyako viwili vinatosha kuanzia. Mwambie mama avue viatu, kisha jaribu kuishika na kuinyanyua ngozi iliyo juu ya shina la kidole cha pili cha mguu. Katika lipedema ngozi hiyo huinuka kama kawaida. Katika uvimbe wa limfu, matende yakiwemo, ngozi huwa nene na ngumu, na vidole vyako huteleza bila kushika kitu.

Halafu tazama kifundo. Mguu wa lipedema huishia hapo ghafla, kama suruali iliyotiwa mpira chini, na unyayo hubaki wa kawaida, kiasi kwamba viatu vya zamani bado vinamtosha. Matende huuvimbisha unyayo wenyewe, mara nyingi mguu mmoja zaidi ya mwingine, na hutokana na minyoo inayoenezwa na mbu, ndiyo maana uulize kama aliishi pwani, ambako ugonjwa huo ulikuwa mwingi kabla na hata baada ya nchi kuanza kugawa dawa za kinga kwa jamii nzima mwaka 2000. Bonyeza ngozi ya mbele ya muundi kwa sekunde kadhaa: shimo likibaki, fikiria moyo, figo na ini kabla ya lipedema. Uliza kuhusu maumivu ya kubanwa, kuhusu kuvilia damu, na kuhusu mama yake, dada zake na shangazi zake, kwa kuwa lipedema hutembea katika ukoo. Ujue pia kwamba lipedema iliyokaa miaka mingi inaweza kuziharibu njia za limfu, na hapo unyayo nao huvimba na kipimo cha kidole hubadilika. Mgonjwa wa namna hiyo mpe rufaa.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na kuuma kwenye msuli wa nyuma, usiupime chochote zaidi. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mke wangu ana lipedema, na baada ya kujifungua alipata damu kuganda mguuni. Bado anameza vidonge vya kuzuia damu isigande. Rafiki yetu mwenye mashine ya mawimbi amejitolea kumhudumia bure. Je, akubali?
Msomaji wa Manyoni, Singida

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mtu mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa hapigwi mawimbi kwenye mguu huo, na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande anaweza kuvuja damu chini ya ngozi kwa mapigo ambayo mwingine angeyavumilia. Vivyo hivyo kwa mwenye uvimbe wa saratani au maambukizi ya ngozi mahali pa kutibiwa. Mshukuruni rafiki yenu kwa moyo wake, na suala la soksi za kubana mlizungumze na daktari aliyempa vidonge, asiviache kwa ushauri wa mtu mwingine yeyote.

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mimi na marehemu mama yangu tulikuwa na miguu hii, na sasa ninaiona ikianza kwake. Shuleni wanamtania, na hataki tena kuvaa sketi ya michezo. Nimesikia kuhusu mashine. Je, akianza tiba ya mawimbi mapema ataizuia isiendelee?
Mama wa Mpwapwa

JIBU: Marahaba, mama. Mawimbi hayajaonyeshwa kuizuia lipedema isiendelee, na mawimbi hayo yanakusudiwa kulegeza ugumu ambao msichana wa miaka 15 kwa kawaida bado hajaupata. Fedha hiyo ibaki mfukoni. Mpeleke kwa daktari, kwanza kwa sababu si kila paja nene la msichana ni lipedema, na pili kwa sababu akithibitishiwa mapema ataanza soksi nyepesi na mazoezi wakati bado hana maumivu makubwa. Mweleze daktari habari za mama yako na zako mwenyewe bila kuona haya, kwa maana habari hizo ni sehemu ya kipimo.

Nyumbani, nunua utepe wa fundi cherehani. Kila mwezi, baada ya hedhi yake kuisha, mpimeni pamoja mzunguko wa kifundo, wa muundi, wa goti na wa paja, sehemu zilezile kila mara, na yeye mwenyewe aandike kwenye daftari. Daktari atapata mengi katika daftari hilo kuliko katika mizani ya uzito, ambayo ningependa iondolewe kabisa machoni pake. Usimpunguzie chakula mezani mbele ya wadogo zake, kwa sababu wasichana wanaonyimwa chakula kwa ajili ya lipedema hukua wakijichukia huku miguu ikiendelea vilevile.

Kuhusu sketi ya michezo, nenda kamwone mwalimu wa michezo wewe mwenyewe, umweleze kwa utulivu kwamba mtoto ana hali ya kiafya na anahitaji kukimbia kama wenzake, ila aruhusiwe kuvaa suruali ya michezo. Nimeandika barua kadhaa za namna hiyo kwa walimu, na daktari atakayemwona binti yako anaweza kukuandikia siku hiyohiyo ukimwomba.